Abigaille hayumo kwenye Biblia: kwaya ya Masasi na opera ya Nabucco

«Shikamoo mtaalamu. Ninafundisha kwaya ya mchanganyiko hapa Masasi, tuna waimbaji 34 na kinanda kimoja cha umeme. Desemba tunataka kuonyesha ukumbini sehemu za opera ya Nabucco, yaani Nebukadreza, ya mtunzi wa Kiitaliano Verdi, na wimbo mkubwa utakuwa ule wa mateka wa Kiebrania, Va, pensiero. Sasa mambo yamekwama. Mzee mmoja wa kanisa amesoma muhtasari wa hadithi, akasema Abigaille, anayehesabiwa kwenye opera kuwa binti wa mfalme, hayumo kwenye Biblia na Nebukadreza hakuwahi kuwaachia huru Waebrania, kwa hiyo tunapotosha Maandiko. Mjomba wangu, ambaye ni Mwislamu na ndiye anayetusaidia viti na maturubai, anauliza kama hadithi hii inamhusu na yeye. Nami nilishaandika utangulizi: kwamba usiku wa kwanza kule Milano watu walilia, wakalazimisha Va, pensiero irudiwe mbele ya askari wa Austria. Je, hilo ni kweli? Na je, kwaya inayosoma solfa tu, yaani do-re-mi, isiyojua Kiitaliano, ina haki ya kugusa kazi kama hii? Kuna binti wa miaka 17 mwenye sauti kali sana, nataka nimpe sehemu ya Abigaille.»

Marahaba, mwalimu. Nimeisoma barua yako mara mbili, na nyuma ya maswali yote naona hofu moja: kwamba mtasimama mbele ya watu wenu, mtaimba vizuri, halafu atainuka mtu mmoja aliyesoma zaidi na kusema mmewadanganya. Hofu hiyo ina msingi. Mzee wako amewatendea wema kuuliza sasa, kabla watu hawajaalikwa, kwa hiyo nianze naye.

Mzee yuko sahihi. Abigaille hayumo kwenye Biblia, wala hayumo kwenye kumbukumbu yoyote ya Babeli. Alizaliwa kwenye tamthilia ya Kifaransa ya mwaka 1836, iliyoandikwa na Auguste Anicet-Bourgeois na Francis Cornu. Mwaka 1838 hadithi hiyo ikachezwa kama dansi ya jukwaani katika ukumbi wa La Scala, Milano, na hapo ndipo Temistocle Solera, aliyeandika maneno ya opera, alipoipata. Fenena, binti mpole wa mfalme, ni wa kubuni. Ismaele ni wa kubuni. Hata Zaccaria, kuhani mkuu anayewatia watu moyo, si yule nabii Zekaria mwenye kitabu chake kwenye Agano la Kale. Wanafanana jina tu. Opera ni tamthilia inayoimbwa, na mtunzi wa tamthilia hubuni watu. Kosa litakuja tu pale mtakapowaacha wasikilizaji waamini kwamba watu hao wametoka kwenye Maandiko. Mweke msimulizi, na kabla ya noti ya kwanza aseme waziwazi ni nani wamebuniwa. Nina imani mzee atatulia akiisikia sentensi hiyo kwa masikio yake. Ikiwezekana, mwombe aisome yeye mwenyewe.

Kwenye hoja ya pili pia yuko sahihi, na hii ni nzito kuliko ya Abigaille. Katika opera, Nabucco anajiita mungu, radi inampiga, taji linaanguka, anapata wazimu, kisha anamwomba Mungu wa Waebrania, akili inamrudia, na anawaruhusu mateka warudi kwao. Historia haikwenda hivyo hata kidogo.

Nebukadreza wa pili alitawala Babeli kuanzia mwaka 605 hadi 562 KK. Mwaka 597 KK aliutwaa Yerusalemu kwa mara ya kwanza. Hilo halijaandikwa kwenye Biblia peke yake. Kipo kibao cha udongo cha Wababeli wenyewe, leo kimehifadhiwa London, kinachosema mfalme aliuzingira mji wa Yuda, akautwaa na kuweka humo mfalme aliyempenda yeye. Mfalme kijana Yehoyakini alichukuliwa mateka pamoja na mama yake, wakuu, askari, mafundi na wahunzi. Aliyewekwa badala yake, Sedekia, naye akaasi baada ya miaka kadhaa. Mji ukazingirwa tena, njaa ikaingia, na mwaka 587 au 586 KK ukuta ukabomolewa na hekalu likachomwa moto. Kitabu cha pili cha Wafalme kinasema Sedekia aliwaona wanawe wakichinjwa mbele yake, kisha akatobolewa macho, akafungwa kwa pingu na kupelekwa Babeli. Kitu cha mwisho alichokiona kwa macho yake ni vifo vya watoto wake. Solera hakuligusa jambo hilo, na sijui kama lipo jukwaa linaloweza kulibeba.

Nebukadreza akafa akiwa mfalme, na mateka wakiwa bado ugenini. Aliyewaruhusu kurudi ni Koreshi, mfalme wa Uajemi, baada ya kuiteka Babeli mwaka 539 KK. Tangu hekalu lichomwe mpaka hapo ilikuwa imepita karibu miaka 50. Mtoto aliyetembezwa kwa miguu hadi Babeli, kama aliishi kuiona siku ile, aliiona akiwa mzee. Habari ya wazimu, ndiyo, ina mzizi kwenye Danieli sura ya 4, ambako mfalme anafukuzwa mbali na watu na kula majani kama ng'ombe. Kwa hiyo hapo Solera alikuwa na Maandiko mkononi. Alichofanya ni kuufunga wazimu ule na kuachiwa kwa mateka, mambo ambayo Maandiko hayakuyafunga pamoja.

Naomba nikae kidogo kwenye maisha ya wale mateka, kwa sababu hapa opera inatupa picha ambayo kwaya nyingi huichukua bila kuiuliza. Solera anaelekeza kwamba kwenye Va, pensiero Waebrania wawe kando ya mto Frati, wamefungwa minyororo, wanafanyishwa kazi. Ni picha kali jukwaani. Lakini vibao vya udongo vilivyofukuliwa vinaonyesha wengi wao wakiishi vijijini kando ya mifereji, wakilima mashamba, wakilipa kodi, wakikopeshana, wakioa na kurithishana. Kuna kijiji kilichoitwa kwa jina la Yuda, jinsi watu waliohama wanavyolipa pori jipya jina la kule walikotoka. Ezekieli anawataja wenzake wakikaa Tel-abibu, karibu na mto Kebari. Na pale Babeli penyewe, Wajerumani walifukua vibao vya hesabu za ghala la mfalme, vya mwaka 592 KK hivi, na kimoja kinaandika mgao wa mafuta kwa Yehoyakini, mfalme wa Yuda, na kwa wanawe watano. Ebu ifikirie hiyo, mwalimu. Mfalme mzima, amekaa, anasubiri karani ampimie mafuta.

Nakuandikia haya kwa sababu yanabadilisha namna ya kuimba. Mtu wa minyororo analia kwa maumivu ya leo. Mtu aliyekwishajenga, akalima na kuzaa ugenini, ana maumivu ya aina nyingine: anakumbuka, na anaogopa kwamba watoto wake hawatakumbuka. Zaburi ya 137, ambayo ndiyo mama wa wimbo huu, ni ya huyo wa pili. Wamekaa kando ya mito, wametundika vinubi kwenye miti, na waliowateka wanawataka waimbe nyimbo za kwao kama burudani. Katika wimbo wa Verdi kinubi hicho kipo: kinubi cha dhahabu kinaulizwa kwa nini kinaning'inia kimya kwenye mti. Waonyeshe waimbaji wako mistari hiyo miwili bega kwa bega, Biblia mkono mmoja na nota mkono mwingine. Hawatahitaji maelezo zaidi.

Mjomba wako mwambie hadithi inamhusu. Wafasiri wengi wa Kiislamu humtaja Bukhtanasar, ndiye Nebukadreza huyuhuyu, wanapoeleza aya za mwanzo za Surat al-Israa zinazohusu kuharibiwa kwa msikiti wa Wana wa Israeli, ingawa jina lenyewe halimo kwenye Kurani. Atakapokaa kwenye viti alivyovileta yeye, atakuwa anasikiliza habari ambayo huenda alishaisikia darasani kwa mwalimu wake.

Sasa utangulizi wako. Hapa nitakuvunja moyo kidogo. Ile habari ya Va, pensiero kurudiwa usiku wa kwanza imeandikwa kwenye vitabu vingi, nami niliifundisha kwa miaka. Opera ilionyeshwa kwa mara ya kwanza La Scala tarehe 9 Machi 1842, na Milano kweli ilikuwa chini ya Austria. Watu kweli waliipenda: msimu wa vuli wa mwaka huohuo ilirudi na kuonyeshwa mara 57 katika ukumbi uleule. Lakini mtafiti Roger Parker alizipitia habari za magazeti ya wakati ule, akakuta kwamba wimbo uliotakiwa urudiwe ulikuwa mwingine, Immenso Jehova, sala ya shukrani ya mwishoni. Va, pensiero ilikuja kupata cheo cha wimbo wa taifa mioyoni mwa Waitaliano baadaye, nchi yao ilipokwisha kuungana, na watu wakairudisha nyuma heshima hiyo hadi usiku wa kwanza. Mwaka 1901, mwezi mmoja baada ya kifo cha Verdi, kondakta Toscanini aliongoza kwaya kubwa kuimba Va, pensiero mwili wa Verdi ulipohamishiwa mahali pake pa mwisho. Hilo unaweza kulisema bila wasiwasi.

Verdi mwenyewe alichangia mkanganyiko. Uzeeni alisimulia kwamba alipoteza watoto wake wawili na mkewe ndani ya miezi michache, akaapa kutotunga tena, na maneno ya Nabucco yakamwokoa pale karatasi zilipofunguka zenyewe kwenye Va, pensiero. Misiba ilikuwa ya kweli, ila haikuja kwa mkupuo: binti yake Virginia alifariki mwaka 1838, mwanawe Icilio mwaka 1839, na mkewe Margherita mwaka 1840. Simhesabii kuwa mwongo. Aliyefiwa hivyo akikumbuka baada ya miaka 40, misiba mitatu inaweza kuwa msiba mmoja.

Kwa hiyo askari wa Austria waondoe. Lakini usibaki na nafasi tupu, kwa maana wewe unaimba Masasi, na Masasi ina habari yake.

Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa Misheni ya Vyuo Vikuu, ya Waanglikana, alitoka Unguja na kundi la watu waliokombolewa utumwani. Walishuka Lindi, wakatembea kuingia bara. Nia ilikuwa kuwarudisha upande wa Ziwa Nyasa, ambako watu wengi mno walitekwa na kuteremshwa hadi Kilwa, Lindi na Mikindani. Safari ikaishia Masasi. Wakajenga hapo, chini ya hiyo milima ya mawe mnayoiona kila asubuhi. Steere huyo ndiye aliyesimamia ujenzi wa kanisa kuu la Mkunazini, Unguja, palipokuwa soko la watumwa, na ndiye aliyefanya kazi kubwa ya kutia Maandiko katika Kiswahili. Kisha mwaka 1882 Wamagwangwara, Wangoni wa upande wa Songea, wakaivamia Masasi na kuondoka na mateka, wakiwemo watu wa misheni. Wengi wa waliosalia wakahamia Newala pamoja na mmisionari Chauncy Maples. Watu waliokwisha kukombolewa wakaona wenzao wakichukuliwa tena.

Aya tano za hayo zikisomwa kabla ya Va, pensiero, ukumbi wako hautahitaji kuambiwa Austria iko wapi.

Lakini hapa usitegemee maandishi yangu peke yake, mwalimu. Kusini kwetu neno mtumwa halijapoa. Ziko koo ambazo hazipendi kuulizwa babu alifikaje, na kuna ndoa zimekwama kwa jambo hilo. Kabla hujaandika neno, nenda kwa miguu yako kwa wazee wa Mtandi na kwa viongozi wa kanisa, kaa nao, waeleze unachotaka kusema, uwasikilize. Usitaje ukoo wala jina la mtu. Wakikwambia sentensi fulani iondolewe, iondoe bila kubishana.

Nije kwenye kuimba. Swali la haki nalijibu kwanza: Verdi alifariki 1901 na Solera 1878, kazi yao ni ya watu wote, hamdaiwi na mtu. Na solfa haiwapunguzii kitu. Va, pensiero inaonekana ngumu kwa sababu imeandikwa kwenye ufunguo wa F krosi, wenye krosi sita, yaani alama za kupandisha sauti nusu toni, na anayesoma nota za mistari huchanganyikiwa. Ninyi kwenu ni do tu. Shusha kinanda nusu toni kwa kitufe, do iwe F, na sopranos wako watapumua. Sehemu kubwa ya wimbo kwaya nzima inaimba sauti moja, kwa sauti ya chini, kama watu wanaoongea gizani. Hiyo ndiyo ngumu kuliko sauti nne, maana ukiimba sauti moja hakuna pa kujificha. Inapofika Arpa d'or, yaani kinubi, sauti zinagawanyika na kupasuka kwa nguvu, kisha zinarudi chini, na mwisho zinazimika taratibu. Makosa ninayoyasikia mara nyingi ni kwaya kuanza kwa nguvu, kama wimbo wa maandamano. Mkianza hivyo, kinubi kitakosa pa kupandia.

Kuhusu lugha, ningechagua Kiswahili, na nina sababu ya kiufundi mbali na ile ya kueleweka. Mstari wa Solera una mizani 10, na mkazo unaangukia ya 3, ya 6 na ya 9. Yaani mstari unaishia na mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, palepale Kiswahili kinapoweka mkazo wake. Jaribu:

Ewe wazo, upae haraka,
ukaguse vilima vya kwetu.

Hesabu kwa vidole: E-we-WA-zo-u-PA-e-ha-RA-ka. Inakaa kwenye muziki bila kukunja neno hata moja. Sikuweka mbawa za dhahabu zilizomo kwenye Kiitaliano. Hiyo ndiyo bei ya kutafsiri, na utailipa karibu kila mstari. Malizia mwenyewe na vijana wako, mizani 10 kila mstari, na kila mstari mpya uimbeni kabla ya kuukubali. Kama kwaya inatamani sana Kiitaliano, irabu zake si mbali na zetu; dolci soma «dolchi», Giordano soma «Jordano». Tafuteni padre au sista aliyesoma Roma awasikilize jioni moja. Usijifunze matamshi kwa simu peke yake.

Binti wa miaka 17 usimpe Abigaille. Nasema hivi kwa nguvu. Sehemu ile inamrusha mwimbaji kutoka juu kabisa hadi chini oktava mbili kwa mruko mmoja, tena kwa hasira, na hata Giuseppina Strepponi, aliyeiimba mara ya kwanza na baadaye akawa mke wa Verdi, aliifikia sauti yake ikiwa tayari imechoka. Nilikuwa na mwanafunzi Lindi aliyepewa mzigo wa namna hiyo mapema. Nakumbuka akinywa maji ya moto kati ya kila mstari, akigusa koo kwa vidole viwili, akisema ni vumbi tu. Haikuwa vumbi. Binti wako mpe sala ya Fenena, fupi na tulivu, itamwonyesha vizuri zaidi. Abigaille msimulizi amweleze kwa maneno. Na mwimbaji yeyote akikwaruza sauti kwa wiki tatu bila kupona, asile tangawizi akaendelea. Aende hospitali apewe rufaa kwa daktari wa masikio, pua na koo, amwangalie nyuzi za sauti.

Programu yenu basi iwe fupi: msimulizi, Fenena, habari ya Masasi, Va, pensiero, kisha Immenso Jehova, ule ambao watu wa Milano waliutaka tena. Unaimbwa bila chombo, kwa hiyo umeme ukikatika Desemba usiwasimamishe. Una sauti nyingi na besi ndiyo inayoubeba. Anza nao wiki hii, besi peke yao, kabla hujawagusa wengine.